Mchanga wa Baba

Ukuta wa sebule yetu una chumvi. Nilijua hilo nikiwa na miaka minane, kwa njia ambayo watoto hujua mambo: niliulamba. Ilikuwa mwaka 2007, tulikuwa na miezi michache tu tangu tuhamie Mjimwema, Kigamboni, na chini ya dirisha palikuwa pameota kitu cheupe, laini kama ukungu wa mkate. Nilipomwambia Mama kwamba nyumba yetu ina ladha ya bahari, alinipa maji nisukutue na kunionya nisirudie.

Miaka 18 baadaye, kile kitu cheupe kilikuwa kimepanda hadi usawa wa kiuno. Rangi ilivimba, ikapasuka, na lipu ikaanza kubanduka vipande vipande. Kila asubuhi Mama alifagia unga uliodondoka nyuma ya makochi. Palipozidi alisogeza kabati, na palipozidi zaidi alitundika kalenda. Ukiutazama mpangilio wa samani zetu, ungeweza kuchora ramani ya ukuta ulikooza.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba. Ndugu wa mwanamume wakaleta ujumbe kwamba watakuja kuleta mahari baada ya wiki sita, na Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulalamika, alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akasema, "Watakaa wapi hawa watu? Waegemee wapi?"

Mimi ndiye niliyesema nitarekebisha. Nasoma uzamili wa isimu, na nilikuwa nimeweka akiba kutokana na kusahihisha mitihani na kazi za kunukuu mahojiano ya watu. Fedha ile ilikuwa ya kwenda uwandani kukusanya data za tasnifu yangu. Nilipiga hesabu kwamba lipu ya sebule na korido ingemega sehemu tu, na nyingine ningeirudisha kidogo kidogo. Baba alinisikiliza, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Haya, mama. Lakini saruji nitachagua mimi."

*

Mjadala wa saruji uliendeshwa na kila mtu. Jirani wa kulia alisema Twiga. Shemeji alisema Dangote. Mjomba, kwa simu kutoka Tanga, alisema Simba, na kwa mtu wa Tanga hilo halikumshangaza yeyote. Baba hakujali jina wala mnyama aliyechorwa kwenye mfuko. Alijali namba.

"Lete 42.5," alisema. "Safari hii nataka ile ngumu."

Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikiwa na kiburi cha mtu aliyesoma usiku kucha. Namba iliyo kwenye mfuko ni kipimo cha nguvu. Saruji huchanganywa na mchanga maalumu wa maabara na maji, ikaachwa igande kwa siku 28, kisha ikagandamizwa mpaka ivunjike. Ya 32.5 inatakiwa istahimili angalau nyutoni 32.5 kwa kila milimita ya mraba, ya 42.5, nyutoni 42.5. Herufi inayofuata ni ya mwendo: N hupata nguvu kwa kasi ya kawaida, R huwahi. Ile ya 42.5 watu huichukulia nguzo, mihimili na slabu. Lipu haibebi ghorofa. Inabeba rangi, na mgongo wa mgeni anayeegemea.

Fundi tuliyeletewa na jirani, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alimweleza Baba jambo hilo hilo kwa maneno machache zaidi.

"Mzee, lipu ikiwa ngumu kuliko ukuta, inapasuka. Saruji ikizidi, udongo ukikauka unajikunyata. Unavuta, na tofali halivutiki. Utaona nyufa kama ramani."

"Kwa hiyo?"

"32.5 inatosha. Moja kwa tano. Pesa inayobaki tuiweke kwenye mchanga."

Baba hakujibu. Aliangalia pembeni, kuelekea banda la kuku, kama mtu aliyeitwa na mtu mwingine.

Fundi alinifundisha kununua mfuko wa saruji kama Mama alivyonifundisha kununua samaki. Tazama tarehe kwanza. Minya kona za mfuko: kama kuna mabonge yasiyosagika kwa vidole, uache, maji yameshaingia. Saruji nzima ukiichovya mkono ni laini na baridi kidogo. Muulize mwenye duka mifuko imekaa juu ya nini. Huku kwetu pwani, mfuko uliolazwa sakafuni au kuegemezwa ukutani unakunywa unyevu hata kama mvua haijanyesha. Nilichagua mifuko saba kutoka katikati ya lundo, iliyopangwa juu ya mbao, na muuza duka akacheka akasema leo amepata mkaguzi.

*

Siku ya kwanza ya kazi fundi hakuchanganya chochote. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa mpini wa nyundo. Sebuleni mlio ulikuwa wa debe tupu, maana yake lipu imeachana na tofali na imesimama kwa mazoea. Korido, vivyo hivyo. Chumba cha wazazi, vibaya zaidi. Kisha akaingia chumba chetu sisi watoto, akagonga, na mlio ukarudi mzito, wa ukuta mzima. Akagonga chini karibu na sakafu, kwenye kona, nyuma ya mlango. Ukuta mzima.

"Hapa alipiga nani?" aliuliza.

"Fundi yule yule," Mama alijibu.

Akarudi sebuleni, akabandua kipande cha lipu kwa vidole tu, akakivunja katikati na kukisogeza kwenye mwanga. Palikuwa na vipande vidogo vya kombe ndani yake. Akakigusisha kwenye ulimi, akatema nje ya dirisha.

"Pwani," alisema.

Nilikumbuka ulimi wangu wa miaka minane, na nikaona haya kwa niaba ya mtu ambaye sikuwa na hakika ni nani.

Alichoeleza baadaye nilikuja kukisoma kwa kirefu. Chumvi iliyo ndani ya lipu haitulii. Msimu wa masika inavuta unyevu kutoka hewani, na unyevu unaopanda kutoka ardhini unaiyeyusha na kuipandisha ukutani. Kiangazi kikija, maji yanatoka kwa kukauka lakini chumvi haina pa kwenda; inaganda kuwa chembe ndani ya vitundu vya lipu, chembe zinakua, zinasukuma. Msimu baada ya msimu, lipu inasukumwa kutoka ndani. Ndiyo maana kupaka rangi mpya hakusaidii, na kupiga lipu mpya juu ya ile ya zamani ni kuifunika chumvi blanketi. Sharti ubomoe mpaka kwenye tofali, upige brashi ya waya, ufagie, na vumbi lile ulitoe nje kabisa.

Lakini fundi alikuwa na wasiwasi mwingine. Aliinua macho juu ya dirisha, ilipo lenta. Chumvi ikiingia kwenye zege inaishambulia nondo. Nondo ikishika kutu inavimba na kulipasua zege, na lenta ikipasuka huzungumzii rangi tena, unazungumzia paa.

"Kama na hii ilimwagwa kwa mchanga ule," alisema, "inabidi tuichimbue tuone."

"Lenta ni mchanga wa mto."

Ilikuwa sauti ya Baba. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

"Lenta na msingi ni mchanga wa mto," alirudia. "Pale sikucheza."

Akatoka. Tukabaki tunatazamana, mimi na fundi, kila mmoja akiwa ameelewa. Miaka yote 18 Baba alikuwa ameilaumu saruji. Alisema zilikuwa mbovu saruji za wakati ule, alisema fundi aliiba mifuko, alisema rangi ilikuwa feki. Kumbe alijua.

*

Sasa ilibidi mchanga uchaguliwe, na hapo hapakuwa na jirani wala mjomba mwenye maoni. Saruji ina mfuko, jina, namba na tarehe. Mchanga unamwagwa getini na mtu anayetaka kuondoka upesi. Wakati katika udongo wa lipu, katika kila sehemu sita, tano ni mchanga.

Dalali alituletea sampuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shimo, kutoka huku huku Kigamboni ndani, ya rangi ya kahawia yenye wekundu, na bei yake ilikuwa ya kupendeza. Ya pili ilikuwa ya mto, ambayo alisema inatoka upande wa Mpiji, huko mpakani mwa Dar es Salaam na Bagamoyo, na ilibidi ivuke jiji zima na daraja mpaka ifike kwetu.

Fundi alichukua chupa mbili za maji za plastiki, akazikata shingo. Akatia mchanga mpaka nusu ya kila chupa, akajaza maji, kisha akamwomba Mama kijiko cha chumvi.

"Chumvi tena?" Mama aliuliza.

"Hii ni ya kipimo, mama. Inaharakisha udongo kutua. Hauendi ukutani."

Akazitikisa, akaziweka kivulini juu ya tofali, na tukazisubiri saa tatu kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Mchanga hutua kwanza, kwa kuwa ni mzito. Vumbi la udongo hutua mwisho, na linajitenga juu kama utando. Kwenye chupa ya mchanga wa mto utando ule haukuzidi unene wa ukucha. Kwenye chupa ya mchanga wa shimo ulikuwa karibu sehemu moja kwa tano ya vyote vilivyotua. Kiasi kinachovumilika, kwa vipimo vya kawaida vya ujenzi, ni kama asilimia 8.

"Huu mafundi wengine wanaupenda," fundi alisema akiinua chupa ya shimo. "Unateleza kwenye mwiko, kazi inakwenda haraka. Udongo unakausha maji, unanyauka, baada ya miezi mitatu nyufa. Fundi ameshabadilisha namba ya simu."

Tukachagua wa mto. Ningependa kusema nilichagua kwa moyo mweupe, lakini nilikuwa nimesoma zaidi ya nilivyotaka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Na kaskazini mwa Dar es Salaam, ufukwe wa Kunduchi umeliwa na bahari kwa miongo kadhaa. Uchimbaji wa mchanga kwenye mito na vijito vinavyoulisha ufukwe ule ni miongoni mwa sababu ambazo watafiti wamezitaja. Mchanga wa mto usipochimbwa unateremka mpaka pwani. Kwa hiyo Baba aliuchota mwisho wa safari yake, nami nikaulipia lori liuchote katikati. Tofauti yetu ni kwamba wa kwangu haujaonja maji ya chumvi.

*

Ili kujua tununue kiasi gani, nilipiga hesabu mezani. Sebule ni mita 4 kwa 5, kimo mita 2.7, ukizunguka kuta zote na kutoa milango na madirisha unapata mita za mraba 42 hivi. Korido iliongeza 20. Jumla 62. Unene wa lipu milimita 15, yaani mita 0.015. Zidisha: 0.93 ya mita ya ujazo ya udongo uliokwisha kuchanganywa. Vikavu vikitiwa maji hupungua ujazo, kwa hiyo unaongeza kama theluthi. Unagawa kwa sita: sehemu moja saruji, tano mchanga. Nilipata mifuko sita ya saruji na mita moja ya ujazo ya mchanga. Fundi, bila karatasi, alikuwa ameshasema mifuko saba kwa ajili ya kinachodondoka, na Canter moja ya mchanga, "utabaki".

Jioni ile nilimkuta Mama akichambua mchele kwenye ungo. Nikamuuliza kwa nini chumba chetu kilipona.

Alichambua kwa muda kabla ya kujibu.

"Ulikuwa na kifua," alisema. "Kule Temeke tulikopanga, ukuta ulikuwa unatoa maji, na wewe ulikuwa unakohoa mpaka asubuhi. Tukaenda hospitali, tukaambiwa mtoto asilale kwenye unyevu."

Akaeleza yaliyobaki kwa vipande, huku akipuliza makapi. Mwaka ule mwenye nyumba wa Temeke alitupa notisi ya mwezi mmoja. Nyumba ya Mjimwema ilikuwa imeezekwa lakini kuta zilikuwa tofali tupu. Daraja la Kigamboni halikuwapo. Lilifunguliwa mwaka 2016. Lori la mchanga wa mto kutoka mjini lilipaswa kupanga foleni ya pantoni au kuzungukia Kongowe, na kwa vyovyote vile bei yake ilikuwa inalingana na ada yangu ya muhula katika shule niliyokuwa ndiyo kwanza nimeandikishwa. Ufukwe ulikuwa umbali wa mkokoteni. Baba aliwaza ausambaze mchanga uani, masika iuoshe, lakini notisi haikusubiri masika.

"Kwa hiyo akalipa ada," Mama alisema. "Ila chumba chenu alikataa. Alikuwa anafanya kazi ya ukarani karibu na bandari. Kule Kurasini kulikuwa na mfyatua tofali mwenye mchanga wa mto. Akawa kila jioni anapitia pale, anarudi na kiroba begani. Anapanda nacho pantoni, anapanda nacho daladala, makonda wanamdai nauli ya mzigo. Siku ya kwanza nilifurahi, nilidhani ni unga."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Nilirudi mezani kwenye karatasi yangu. Chumba chetu ni mita 3 kwa 3. Mzunguko mita 12, kimo 2.7, toa mlango na dirisha: mita za mraba 29. Zidisha 0.015. Ongeza theluthi. Gawa kwa sita, chukua tano. Nusu mita ya ujazo ya mchanga, kasoro kidogo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo 1,500. Kiroba ni kilo 25.

Viroba 29. Tuseme 30, kwa ajili ya kinachodondoka.

Mwezi mzima wa notisi.

*

Kazi ilichukua siku tisa. Walibomoa mpaka kwenye tofali, na vumbi lililotoka lilijaza toroli kumi na moja. Kuta zikaloweshwa usiku wa kuamkia lipu ili tofali lisinywe maji ya saruji. Mchanga ukachekechwa. Kila mfuko wa saruji ulichanganywa na ndoo tisa za lita 20, na nilizihesabu mwenyewe, kwa kuwa fundi aliniambia kipimo hakipotei kwa wizi mara nyingi, hupotea kwa saidia fundi aliyechoka anayepima kwa chepeo.

Nilimwambia Baba kwamba fedha zinatosha kufanya na chumba chao. Alikataa. Nilimwambia chumba chao ndicho kibaya kuliko vyote na kwamba yeye ndiye anayekohoa sasa.

"Fedha hizo ni za shule yako," alisema.

"Na hii nyumba je?"

Nilitaka kuendelea. Nilitaka kumwambia kuhusu viroba, kwamba nimehesabu, kwamba najua. Lakini mtu aliyeficha jambo kwa miaka 18 ana haki ya kuchagua siku ya kulitoa, na siku ile hakuichagua. Aliuliza tu kama kuna maji kwenye pipa.

Maji yalikuwa ya lipu. Lipu mpya hunyweshwa asubuhi na jioni kwa siku saba ili saruji ifanye kazi yake mpaka mwisho. Ikikauka haraka inabaki unga. Fundi alimwachia kijana wake kazi hiyo, lakini Baba alimtangulia kila alfajiri. Nilikuwa nasikia kutoka kitandani, kati ya kuta zangu nzima, kopo likizama kwenye ndoo na maji yakichuruzika ukutani.

Wageni wa mahari walikuja. Rangi hatukuwa tumepaka, kwa sababu fundi alisema lipu ipumue kwanza, kwa hiyo walikaa katikati ya kuta za kijivu. Mshenga mmoja, mzee mwenye kanzu, aliegemea ukuta, akajitazama mabega alipoinuka, akakuta hakuna kitu. Mama aliona. Niliona kwamba aliona.

Jumamosi iliyofuata niliamka kwa sauti ya chekeche. Mchanga uliobaki tulikuwa tumeufunika kwa turubai karibu na banda la kuku. Baba alikuwa ameufunua. Amekunja suruali mpaka magotini, anachekecha, na pembeni yake pana mifuko mitatu ya saruji ambayo sikuinunua mimi. Nilisogea nikaangalia namba kwenye mifuko: 32.5. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi, kitanda kimetolewa, na ukuta umeshabomolewa mpaka kwenye tofali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akaendelea kuchekecha. Akateka kiganja kimoja, akakipeleka puani, akakirudisha. "Mzuri huu," alisema.

"Fundi anakuja?"

"Saa mbili. Nenda kalete maji."

Nikaenda kuleta maji.